Saa Elfu Tisa na Ushee

Kwenye menyu, ukurasa wa mwisho kabisa,
ambako hakuna mteja anayefika,
kamera yangu huhesabu umri wake kwa saa:
elfu tisa, mia mbili na kumi na nne.
Nimekesha nayo kuliko nilivyokesha na wanangu.

Niliinunua ikiwa na miaka mitatu,
kwa Mjerumani aliyemaliza filamu yake ya mlima
na hakutaka kulipia mzigo wa kurudi.
Milioni kumi na moja. Saccos yetu pale Kiusa
iliniuliza mara mbili kama hilo ni gari.

Sasa feni yake inakoroma.
Sasa kuna nukta nyekundu, moja, juu kushoto,
haitoki kwa kitambaa wala kwa sala.
Imekaa kwenye mashavu ya maharusi wa Rombo,
kwenye shela, kwenye pembe ya ndafu.
Godlisten huifuta kwenye kompyuta, fremu kwa fremu,
akilaani polepole kwa Kichaga
akidhani sisikii.

Kadi zake hazitengenezwi tena.
Ninazo nne. Nazihesabu kama mzee anavyohesabu meno.

Fundi Loishiye wa Arusha aliifungua mezani,
akapuliza vumbi la Same, vumbi la Ngarenanyuki,
chumvi ya magadi niliyosahau kama niliwahi kwenda,
akasema, "Dada, hii haijafa.
Ila na wewe usiiulize sana."

Watu wana kanuni zao.
Badilisha ikishajilipa mara tatu.
Badilisha kazi zikianza kukupita.
Shemeji yangu mhasibu alinichorea jedwali:
uchakavu, asilimia, mwaka wa tano, sifuri.
Sifuri! Na juzi tu imelipa ada ya muhula.
Bwana harusi mmoja aliuliza, "Hii ni kei ngapi?"
Nikamwambia. Akamtazama mchumba wake
kama aliyeuziwa maziwa yaliyotiwa maji.
Hata hapo sikutikisika. Kuchekwa hakuvunji lenzi.

Kilichonifikisha ni kidogo.
Uru Shimbwe, mwezi wa sita, ukungu umekalia migomba.
Bibi Aikaruwa jikoni kwake, mafiga matatu,
moshi umesimama kama mgeni asiyeambiwa aketi.
Alikuwa ndiyo anaanza kusimulia
walivyokata mibuni usiku, mwaka bei ilipowatukana.
Kwenye kioo giza likachemka chembechembe,
uji wa ulezi, uso haupo.
Nikasema, "Bibi, tutoke nje kidogo. Hapa mashine haioni."

Akatoka. Akaketi kwenye kiti cha plastiki, mwanga mzuri,
mikono juu ya kanga.
Akasema jina lake. Akasema umri.
Nikangoja. Feni ikakoroma.
"Mengine," akasema, "nimeyaacha ndani."

Nikarudi Moshi na dakika tatu
za mwanamke anayepigwa picha ya kitambulisho.

Usiku huo nikapekua kazi zangu
na kukuta ni miaka miwili
sijawasha kamera baada ya saa kumi na mbili jioni.
Nimekuwa nikiwaambia watu jioni haipendezi.
Nimekuwa nikiwahamisha wazee kama viti.
Nami nilidhani huo ni mtindo wangu.

Sikununua. Bado. Niseme ukweli:
nilikodi, siku mbili, Arusha, kwa pesa ya mabati,
kitu chepesi kama mkate, kisicho na sauti.
Nikapanda nacho Shimbwe, nikaingia, nikachuchumaa.
Moto ulikuwa ukielekea kuzimika.
Kilimwona. Kiliona hata masizi
yanavyong'aa kwenye boriti.

Akasimulia mibuni. Akafika kwenye shoka,
kwenye mumewe aliyekaa kitako shambani, asubuhi,
asitake kuinuliwa.
Halafu akanyamaza, akatega sikio,
akatazama mikono yangu, nyuma yangu, mlangoni.

"Yule paka wako wa siku ile," akauliza,
"mbona leo hukuja naye?"